Herufi H Kando ya 7.4

Majibu yaliingia kwenye simu saa nne usiku, nimeshapiga mswaki, taa imezimwa. Zamani karatasi ya maabara ilikusubiri uende kuichukua. Siku hizi inakufuata kitandani. Nikashusha kidole haraka haraka: sukari sawa, figo sawa, ini sawa, lehemu (kolesteroli) si mbaya, kisha mstari ambao sikuwahi kuuona katika majibu yangu ya nyuma. hs-CRP: 7.4 mg/L. Pembeni, herufi H nyekundu. Na chini yake kijedwali cha mistari mitatu: chini ya 1, hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo, kati ya 1 na 3, hatari ya wastani, zaidi ya 3, hatari kubwa.

Saba nukta nne. Nikapiga ile hesabu ambayo nadhani kila mtu huipiga: ikiwa tatu tu ni hatari kubwa, saba na ushee inaitwaje?

Mnielewe. Kaka yangu mkubwa alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 52. Sigara hajawahi kuvuta, kisukari hana, na lehemu yake ilikuwa ile ambayo daktari akiiona humwambia mtu "endelea hivyo hivyo". Alipona, anatembea, anabishana na kila mtu kama zamani, lakini tangu siku ile mimi na wadogo zangu tumekuwa tukiisikiliza mioyo yetu kama watu wanaosikiliza mwizi darini. Ndiyo maana daktari aliponiuliza kama ningependa kuongeza kipimo hiki kwenye vile vya kila mwaka, nilikubali hata hajamaliza kusema.

Kufika saa nane usiku nilikuwa nimeshajizika mara mbili na kugawa vitu vyangu.

Naandika haya kwa sababu ile namba niliisoma vibaya, na kwa sababu wiki chache baadaye niligundua kwamba kaka naye aliwahi kuisoma ya kwake vibaya, ila yeye alikosea kwa upande wa kujiliwaza.

Sehemu ya kosa ni ya neno. Tunaambiwa CRP inapima "uvimbe mwilini", na uvimbe kwa Kiswahili umebebeshwa mizigo miwili. Ni donge, lile ambalo mtu akilisikia anafikiria saratani papo hapo. Na ni kuvimba, kama kifundo cha mguu ulioteguka. Wataalamu husema inflamesheni, nami nitalitumia hilo, maana angalau halinikumbushi donge. Kitu chenyewe unakijua tangu utotoni. Umejikata kidole, baada ya muda pale pamekuwa pekundu, pana joto, pamevimba, panauma. Mishipa midogo imetanuka na kulegeza kuta zake ili seli nyeupe zipenye kutoka kwenye damu zikapigane na vijidudu na kuondoa takataka. Siku chache kazi imekwisha, ngozi imefunga, seli zimetawanyika. Bila inflamesheni mchubuko mdogo ungetumaliza. Balaa linaanza pale kazi isipokwisha, pale seli zinapoendelea kuitana mwezi hadi mwezi mahali ambapo hakuna kidonda cha kufunga.

Na zinapoitana, sauti hufika mbali. Seli zilizo kwenye mapambano hutoa kemikali za kupeana habari, mojawapo interleukini-6, ambayo husafiri na damu hadi kwenye ini. Ini likiipata huanza kufyatua protini kwa wingi, na protini hiyo ndiyo CRP. Katika saa chache namba inaanza kupanda, na baada ya siku mbili hivi huwa imefika kileleni. Mtu aliyekuwa na chini ya 1 anaweza kukutwa na 200 au 300 akiwa na nimonia kali.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, walisema wahenga. Sijapata maelezo ya CRP yanayozidi hayo. Mbiu haisemi ni jambo gani wala ni kwa nani. Inaweza kuwa nimonia, baridi yabisi, ajali, upasuaji, au gego bovu. Ini halijui, limesikia tu wito, likapuliza.

Waliokutana nayo kwanza walikuwa wakishughulika na kitu kingine kabisa. Mwaka 1930, katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller huko New York, William Tillett na Thomas Francis walikuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Walichanganya majimaji ya damu na dutu iliyotolewa kwenye ukuta wa bakteria wa nimonia, dutu waliyoiita sehemu C. Kwa mgonjwa mahututi mchanganyiko uligeuka kuwa na ukungu, vipande vikashuka chini. Kwa mgonjwa yuleyule aliyepona, hakikutokea kitu. Hapo ndipo ilipo ajabu yake, kwa sababu kingamwili za kawaida hufanya kinyume: huongezeka mtu anapopona, kisha hubaki. Hiki kilikuja na ugonjwa kikaondoka na ugonjwa. Baadaye kikaonekana pia kwa wagonjwa ambao nimonia hawana. Herufi C katika CRP ni ile C ya sehemu C, protini inayoitikia C. Haihusiani na moyo hata kidogo, jambo lililonifariji kwa namna ambayo siwezi kuieleza.

Kwa miongo mingi madaktari waliitumia kwa mambo makubwa makubwa. Mgonjwa amefanyiwa upasuaji, je, ana maambukizi? Dawa inafanya kazi au tubadilishe? Vipimo vya wakati huo havikujali vijinamba vya chini. Karatasi nyingi ziliandika "chini ya 5" na habari ikaishia hapo, kwa maana hakuna mbiu. Zile hs zilizoongezwa mbele ya jina maana yake ni unyeti wa juu: mashine imefundishwa kusikia hata mbiu inayopulizwa kwa kunong'ona, tofauti ya 0.6 na 1.6, ambayo zamani ilipotea ndani ya "chini ya 5". Protini ni ileile moja. Kilichobadilika ni swali. Swali la zamani lilikuwa: kuna jambo kubwa leo? Swali jipya ni: kuna kitu kinachochemka chini chini, mwaka baada ya mwaka?

Mimi niliulizwa swali jipya, damu yangu ikajibu la zamani. Hilo nililijua asubuhi.

Daktari wangu ni mama mtu mzima ambaye hababaiki. Aliiangalia simu yangu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Wiki uliyotoa damu ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, Daktari."

"Mafua? Kikohozi? Homa?"

"Hapana."

"Ulichanjwa? Umeumia? Umeanza mazoezi makali?"

"Hapana."

"Vidonge vya uzazi wa mpango? Homoni za kukoma hedhi?"

"Hapana." Sikujua hata kama hizo zinahusika. Kumbe zinahusika: estrojeni inayomezwa hupitia kwenye ini, na ini hilohilo ndilo kiwanda cha CRP, hivyo namba inaweza kupanda bila ugonjwa wowote.

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akachukua kitochi kidogo, akanyamaza, kisha akabonyeza mahali fulani nyuma kabisa ya taya la chini nikaruka kitini.

"Na hili?"

"Aa, hilo ni jino tu."

"Jino tu," akarudia, huku anaandika.

Kwa siku kumi au zaidi nilikuwa nimetafuna upande mmoja. Ufizi ulikuwa umevimba juu ya gego la mwisho ambalo halijawahi kutoka lote. Lilikuwa linauma jioni, linatulia asubuhi, nami nikaliweka kwenye fungu la mambo ambayo mtu mzima hayasemi kwa daktari. Damu nilikwenda kuitoa na huo ufizi mdomoni, na nilipoulizwa kwenye fomu kama ninaumwa nikaandika hapana kwa mwandiko mzuri.

Hapa nina ugomvi na ile karatasi. Viwango vya 1 na 3 havikushuka kutoka mbinguni. Vilitangazwa mwaka 2003 na Chama cha Moyo cha Marekani pamoja na CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, na havikutangazwa peke yake. Waliviambatanisha na masharti. Mtu apimwe akiwa hana ugonjwa unaoendelea. Apimwe mara mbili, kwa kupishana wiki mbili hivi, kisha uchukuliwe wastani. Ikizidi 10, jedwali la moyo liwekwe kando, litafutwe chimbuko la maambukizi au inflamesheni, na kipimo kirudiwe baadaye. Maabara iliyonipima ilichapisha ile mistari mitatu, masharti ikayaacha. Ni kama kumpa mtu dawa kisha ukamchania ile karatasi ya maelezo.

"Lakini yangu haikufika 10," nilimwambia daktari, kwa sababu usiku nilikuwa nimesoma hadi hapo. Saba ilionekana imo ndani ya mipaka, kwa hiyo jedwali lilikuwa na haki ya kunihukumu.

"Kumi si ukuta," alijibu. "Maambukizi madogo yanatoa namba ndogo."

Alinituma kwa daktari wa meno, akaniambia tutarudia wiki tatu baada ya ufizi kupona. Nikamuuliza kwa nini tusisubiri miezi, ili damu isafike vizuri. Jibu lake ndilo lililonifanya nianze kuipenda protini hii. Nusu ya CRP iliyomo kwenye damu huondoka kila baada ya saa 19 hivi, na mwendo huo haubadiliki uwe mzima au mgonjwa. Chukua mtu mwenye 100, na tuseme ini limenyamaza ghafla. Baada ya saa 19 ana 50. Baada ya nyingine 19, 25. Rudia nusu hiyo mara saba, ambazo ni saa 133, siku tano na nusu, na yuko chini ya 1. Kwa hiyo damu ya leo haina kumbukumbu ya nimonia ya mwezi uliopita. Kinachoiweka namba juu ni kitu kimoja tu, ini kuendelea kufyatua, na ini linaendelea kwa sababu bado kuna anayeliita. ESR, kile kipimo cha zamani cha kutazama chembe nyekundu zinavyozama kwenye mrija, hakina wepesi huo. Huchelewa kupanda na huchelewa zaidi kushuka.

Gego liling'olewa. Sitaeleza.

Wiki tatu baadaye nilirudi maabara. Kijana aliyenitoa damu alikuwa na mikono ya upole na uchovu wa mtu aliyeanza zamu alfajiri. Alifunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa, akasema "ngumi kidogo, dada", na kichupa kikajaa kabla sijaamua kama nitazame au nisitazame. Nilimuuliza inapimwaje. Akanionyesha mashine kupitia dirishani, sanduku la rangi ya kijivu lisilo na haiba yoyote. Ndani yake, alisema, kuna chembechembe ndogo sana za plastiki zilizopakwa kingamwili inayoikamata CRP. CRP ikiwepo, chembe mbili tatu zinaishika moja, zinagandana, mchanganyiko unaingia ukungu. Mashine inapitisha mwanga na kupima mwanga huo umefifia kiasi gani. Nikawaza ule ukungu wa mwaka 1930. Karibu miaka mia, na bado tunatazama majimaji yanavyopoteza uangavu. "Na huhitaji kufunga kula kwa hiki," aliongeza, kwa kuwa nilikuwa nimekuja na njaa yangu bure.

Majibu: 1.9. Wiki mbili baadaye, kama masharti yalivyotaka: 2.3. Wastani 2.1.

Kutoka 7.4 hadi 2.1, na kilichotoka mwilini mwangu ni jino moja. Ningeweza kuishia hapo, nikaandika makala fupi ya kuchekesha kuhusu jino na usiku mmoja wa hofu. Lakini 2.1 nayo ni namba, na hii sasa ilikuwa imejibu swali lililoulizwa.

Kwa nini moyo? Kwa sababu ateri haizibi kama bomba la jikoni, ingawa ndivyo tulivyozoea kuambiwa. Chembe za LDL, zinazobeba lehemu kwenye damu, hupenya ukuta wa ateri, hunaswa humo na kuharibika. Mwili unaziona kama kitu kigeni, unatuma seli nyeupe zikazile. Seli zinakula hadi zinavimba kwa mafuta, zinafia humo humo, nyingine zinakuja. Juu ya rundo hilo mwili unajenga kifuniko. Inflamesheni ikiwa kali, seli hutoa vimeng'enya vinavyokitafuna kifuniko. Siku kikipasuka, damu inaganda hapo hapo kana kwamba inaziba kidonda, na donge hilo ndilo linaloweza kuziba ateri kwa dakika. Wengi waliopata mshtuko walikuwa na njia iliyo wazi vya kutosha hadi siku hiyo. Kaka alikuwa amepanda ngazi ghorofa nne wiki ileile bila kuhema.

Mwaka 1997 mtafiti wa magonjwa ya moyo Paul Ridker na wenzake walipima damu iliyohifadhiwa ya madaktari wa kiume wa Marekani ambao walipoitoa walikuwa wazima. Waliokuwa kwenye robo ya juu ya CRP walikuja kupata mshtuko wa moyo mara tatu zaidi ya wale wa robo ya chini. Wanawake tulikuwa na utafiti wetu, na matokeo yake ya miaka 30 yalichapishwa mwaka 2024: wanawake 27,939, damu ikatolewa mara moja mwanzoni. Walio kwenye sehemu ya tano ya juu ya CRP walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 70 kuliko wa sehemu ya tano ya chini. Kwa LDL tofauti hiyo ilikuwa asilimia 36.

Hapo nilikwama. Kama chupa moja ya damu inaweza kusema habari za miaka 30, kwa nini yangu moja ilisema habari za jino? Nilizunguka na swali hilo siku mbili. Jibu ni kwamba kati ya wanawake 27,939 wenye magego walikuwemo pia, na wenye mafua, na walioteguka. Wametapakaa katika makundi yote, kelele zao zinamezwa na wingi. Mimi ni mmoja. Sina wa kunimezea kelele zangu. Kipimo kinachosema kweli kuhusu kundi kinaweza kumsema vibaya mtu, bila yeyote kudanganya.

Kuna jambo jingine ambalo usiku ule ningelipenda mtu aniambie. CRP yenyewe haionekani kuwa ndiyo inayoharibu ateri. Wapo watu waliozaliwa na vinasaba vinavyowapa CRP ya juu kidogo maisha yao yote. Kama protini hii ingekuwa mhalifu, watu hao wangeugua moyo zaidi. Uchunguzi mkubwa wa vinasaba, mmoja uliochapishwa 2008 na mwingine 2011, haukuona hivyo. Anayepuliza mbiu si mwizi. Ukimnyang'anya mbiu, mwizi yupo. Kwa hiyo mtu akikuuzia kitu "cha kushusha CRP", muulize kinamfanya nini mwizi, uone atakavyokodoa.

Je, ukimkamata mwizi mwenyewe? Hilo nalo lilijaribiwa. Mwaka 2017 ulitoka utafiti ulioitwa CANTOS: watu 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na ambao hs-CRP yao ilikuwa 2 au zaidi. Baadhi walichomwa kanakinumabu, dawa inayozima interleukini-1, iliyo juu kidogo ya interleukini-6 kwenye ule mnyororo wa kuitana. Lehemu haikuguswa. Dozi ya kati ilipunguza mishtuko, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 15. Ndipo ikathibitika kwamba inflamesheni imo kwenye kosa. Ila waliopewa dawa walikufa zaidi kwa maambukizi, na ukijumlisha vifo vyote hakukuwa na tofauti. Unakumbuka kidole kilichokatwa? Ukiwaondoa walinzi, wezi wa aina nyingine wanaingia. Methotreksati, dawa ya baridi yabisi, ilijaribiwa pia kwa dozi ndogo, haikusaidia. Kolkisini, dawa kongwe ya jongo, ilipunguza matukio ya moyo katika majaribio mawili ya 2019 na 2020, kisha jaribio kubwa la 2024 kwa watu waliotoka kupata mshtuko halikuona faida. Uwanja bado una vumbi.

Dawa ziitwazo statini ziko mahali pengine, maana zinashusha lehemu na CRP kwa pamoja. Jaribio la JUPITER la mwaka 2008 lilichukua watu 17,802 wenye LDL chini ya 130 lakini hs-CRP ya 2 au zaidi, yaani watu wa aina ya kaka yangu. Nusu walipewa rosuvastatini. Matukio yalipungua kwa asilimia 44, na jaribio likasimamishwa mapema. Vichwa vya habari vilipenda hiyo 44. Mimi napenda namba nyingine za utafiti huohuo: kati ya watu 8,901 waliopewa dawa, 142 walipata tatizo, kati ya idadi ileile waliopewa kidonge kisicho na dawa, 251. Zote mbili ni kweli, lakini moja inakufanya ukimbilie duka la dawa na nyingine inakufanya ukae chini ufikiri. Tena JUPITER haikuwa na kundi la wenye CRP ya chini, kwa hiyo haiwezi kusema kama wao wangefaidika kidogo au sawa. Na kwa kuwa nimeamua kusema yote: fedha zilitoka AstraZeneca, watengenezaji wa dawa, na Ridker, aliyeliongoza jaribio hilo, alikuwa mmoja wa waliotajwa kwenye hataza (haki za uvumbuzi) za kutumia kipimo hiki, zilizomilikiwa na hospitali yake. Yeye mwenyewe aliyatangaza hayo. Sioni kwamba yanaufuta utafiti. Naona yanapaswa kusomwa pamoja nao.

Daktari alifanyaje na 2.1 yangu? Hakuitazama peke yake. Aliuliza presha, umri, LDL yangu ambayo ni 126, kisha akauliza kaka alikuwa na miaka mingapi. Ndugu wa kiume wa damu aliyeugua moyo kabla ya miaka 55 huhesabiwa, na wa kike kabla ya 65. Miongozo ya Marekani ya 2019 huichukua hs-CRP ya 2 kwenda juu kama kimoja kati ya vitu vinavyoweza kuinamisha mizani pale uamuzi wa statini unapokuwa katikati. Mimi nilikuwa katikati hasa. Ona lakini: 1.9 na 2.3. Ningepimwa mara moja tu, siku ya kwanza, ningekuwa upande mmoja wa mstari. Siku ya pili, upande mwingine. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema mstari umechorwa na watu ili wapate pa kuanzia mazungumzo, na sisi tumeshayaanza. Nikaanza dozi ndogo ya statini. Kilichoniinamisha mimi ni kaka. Namba iliongeza kidole tu. Kiuno nacho kilitajwa, kwa adabu, maana mafuta ya tumboni yenyewe hutoa interleukini-6, na anayepungua uzito huiona CRP ikishuka naye. Sigara angeitaja kama ningekuwa navuta.

Ndipo nikamtaka kaka anitumie karatasi zake za zamani. Nilitaka tu kulinganisha. Akapekua, akapata moja ya mwaka mmoja kabla ya mshtuko, iliyotolewa maabara nyingine, akaipiga picha. CRP: 0.4. Hakuna H, hakuna rangi nyekundu. Nilikumbuka siku ile. Aliisoma kwa sauti mbele yetu sote, sifuri nukta nne, akatuambia yeye ni chuma.

Kwa muda nilikasirika. Yeye 0.4 akaanguka, mimi 2.1 nameza kidonge. Nikakaribia kuifuta habari yote ya CRP moyoni mwangu. Nikaikuza picha ili nisome mstari wa chini, na pale kwenye safu ya vipimo, kwa maandishi madogo, hapakuwa na mg/L. Palikuwa na mg/dL.

Desilita ni sehemu ya kumi ya lita. Sifuri nukta nne kwa desilita ni nne kwa lita.

Maabara haikukosea. Walimpima kwa swali la zamani, la jambo kubwa, na kwa swali hilo 0.4 haina cha kupigiwa kelele, ndiyo maana hawakuweka herufi yoyote. Sijui siku hiyo alikuwa na jino gani au mafua gani. Ilikuwa chupa moja. Siwezi kusema kwamba ingemwokoa, na sitasema. Nilimpigia simu jioni.

"Kwa hiyo ilikuwa nne," alisema.

"Nne, kaka."

Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Nilisikia akifungua droo, karatasi zikichakura.

"Hizi nyingine mbili nazo ni dL," alisema. "Chukua kalamu nikusomee."